Murile na Watu wa Mwezini: Hadithi ya Kichaga mbele ya Swali la Uhai Nje ya Dunia

Katika mafundisho ya kipaimara huko Tarakea, mwanafunzi mmoja alituuliza swali ambalo hatukulijibu vema. Tulikuwa tumefika kwenye sehemu ya kwanza ya Imani, ihusuyo uumbaji. Kijana akasema kwamba amefundishwa shuleni kuwa nyota ni majua, na kwamba mengi ya majua hayo yana sayari zake. Je, kama huko wako watu, Yesu aliwafia na wao? Wenzake wakacheka. Sisi tukamwambia kwamba Biblia haisemi habari hizo, na kwamba imempasa kujifunza kwanza yale yaliyoandikwa. Jibu hilo lilimnyamazisha, lakini halikumfundisha. Majuma yaliyofuata alikuja kama kawaida, akakariri Katekisimo Ndogo bila kosa, wala hakuuliza tena neno lo lote.

Makala hii ni jaribio la kulipa deni hilo. Tungeweza kuanzia kwa wanasayansi, maana wao ndio waliolifufua swali lenyewe. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza kuwa wamegundua sayari inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi, ambayo ni jua lifananalo na hili letu. Na kufikia mwaka 2022 sayari za namna hiyo zilizothibitishwa zilikuwa zimepita 5,000. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyothibitishwa kuwa na kiumbe hai. Lakini tumeona ni afadhali kuanzia nyumbani. Wachaga walikuwa wakisimulia habari za watu wakaao nje ya dunia kabla ya darubini kufika Kilimanjaro, na hadithi yao inastahili kuhakikiwa kwa uangalifu kuliko ilivyofanyiwa hadi sasa.

Hadithi yenyewe

Hadithi za Wachaga zilikusanywa kwa bidii na wamisionari wa Leipzig, hasa Bruno Gutmann, aliyetumika Old Moshi kwa miaka mingi na kutoa mkusanyo wake uitwao Volksbuch der Wadschagga mwaka 1914. Habari za Murile zilipata kujulikana mbali zaidi Alice Werner alipozisimulia kwa Kiingereza katika Myths and Legends of the Bantu, mwaka 1933. Kwa wasomaji ambao hawajaisikia, tunaieleza kwa ufupi.

Murile, mtoto wa kwanza wa nyumba, alikwenda shambani na mama yake kuchimba magimbi. Akaona gimbi moja zuri, akasema ni zuri kama mdogo wake. Mama akamcheka. Murile akalificha gimbi lile katika tundu la mti, akalisemea maneno yake, na siku iliyofuata akakuta limekuwa mtoto. Akamlisha kwa siri kutoka chakula chake mwenyewe, hata akakonda. Wadogo zake wakamvizia wakamwambia mama; mama akaenda akamwua yule mtoto. Murile alipokuta ameuawa akalia, na alipoulizwa akasema ni moshi tu. Wakamwambia achukue kigoda cha baba akakae uani. Akiwa juu ya kigoda, akakiamuru kipande juu kama kamba ya baba yake apandishapo mzinga wa nyuki mtini. Kigoda kikapanda. Ndugu, mama, baba na jamaa wote wakamwita arudi, naye akakataa.

Huko juu alikuta nchi. Akawakuta watu wakiokota kuni, akawauliza njia ya kwenda kwa mfalme wa mwezi. Wakamwambia awasaidie kwanza, ndipo watamwonyesha. Ikawa hivyo kwa wakata majani, kwa wakulima, kwa wachungaji wa mifugo, kwa wavunaji na kwa wachota maji. Alipofika kwa mfalme alikuta watu wanakula vyakula vibichi, maana hawakujua moto. Akawauliza watampa nini akiwafundisha. Wakaahidi ng'ombe, mbuzi na kondoo. Akapekecha moto, akawapikia, nao wakamlipa. Baadaye akakumbuka kwao, akarudi na mifugo yake. Njiani alichoka, fahali mmoja akakubali kumbeba kwa sharti kwamba hatakula nyama yake. Murile akaahidi, na alipofika akawaonya wazazi. Lakini fahali alipozeeka baba akamchinja, na mama akayatia mafuta yake katika chakula cha mwanawe. Murile alipoonja, nyama ikanena ikimlaumu, naye akazama ardhini hata asionekane tena.

Namna tatu za kuisoma tusizozikubali

Namna ya kwanza ni ile ya kusema kwamba hizi ni habari za kipagani zisizomhusu Mkristo. Wanaosema hivyo wamsahau Gutmann mwenyewe, aliyeona ni sehemu ya utumishi wake kusikiliza kabla ya kuhubiri. Mhubiri asiyejua wasikilizaji wake walikwisha kuambiwa nini juu ya mbingu atazungumza juu ya mbingu nyingine, wasiyoijua wao.

Namna ya pili ilianza kupata wasomaji wengi baada ya Erich von Däniken kutoa kitabu chake cha kwanza, mwaka 1968. Wafuasi wa mawazo hayo husoma hadithi za kale kama taarifa za wageni waliotoka angani kwa vyombo vyao. Kwa macho hayo kigoda cha Murile kinageuka kuwa roketi. Usomaji huu unavunjwa na hadithi yenyewe. Kwanza, hakuna mgeni ye yote anayeshuka. Aendaye ni mtoto wa hapa hapa. Pili, kinachokipandisha kigoda si ufundi bali ni huzuni, na mfano anaoutumia Murile ni kamba ya mzinga, jambo ambalo kila mtoto wa mfuga nyuki amekwisha kuliona. Msomaji anayeitafuta mashine hapa ameruka kile kilio, na bila kilio hadithi haina mwanzo.

Namna ya tatu hupatikana zaidi miongoni mwetu watumishi. Ni kuifanya hadithi kuwa mfano wa Kristo: Murile alipaa, Kristo alipaa, Murile aliwapa watu moto, Kristo aliwapa Roho. Ulinganifu huu ni wa juu juu. Murile alipaa akiwakimbia waliomkosea, akikataa kuitika walipomwita. Bwana wetu alipaa baada ya kuwarudia wale wale waliomkimbia na kuwasamehe. Tena Murile aliuza moto wake. Roho Mtakatifu hauzwi, na Simoni mchawi alikemewa kwa kudhani kwamba anauzwa (Matendo 8).

Hadithi inasema nini

Tukiiacha iseme yenyewe, jambo la kwanza linaloshangaza ni kwamba watu wa mwezini hawashangazi. Wanaokota kuni, wanakata majani ya ng'ombe, wanachota maji. Mtu aliyezoea picha za siku hizi za viumbe wa ajabu atasema msimulizi alikosa ubunifu. Sivyo. Wachaga walijua kubuni watu wa ajabu walipotaka: Wakonyingo, wale watu wafupi wa juu ya Kilimanjaro, walisimuliwa kuwa na vichwa vizito kiasi kwamba akianguka mmoja hawezi kuinuka peke yake, na kwa hiyo kila mmoja huchukua pembe ya kupiga ili wenzake waje kumwinua. Katika habari za Murile msimulizi amechagua njia nyingine. Anataka tuone kwamba mtu wa mbali hujulikana kwa kushiriki kazi yake. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Murile alipewa jembe tangu siku ya kwanza, naye hakulikataa. Hakuonyeshwa njia kabla ya kufanya kazi ya wenyeji.

Jambo la pili ni mahali uovu ulipo. Haupo angani. Mtoto wa gimbi aliuawa nyumbani, ahadi ya fahali ilivunjwa nyumbani, na mara zote mbili mkono uliotenda ulikuwa wa mama, kwa nia ambayo huenda yeye aliiona kuwa njema: kwanza kumwokoa mwanawe asikonde, kisha kumlisha vizuri. Hadithi haimchukii mama. Inasema kwamba upendo usioheshimu neno la mwingine unaweza kuua. Anayeogopa viumbe wa sayari za mbali angefaa kuuliza kwanza ni nini tunachoficha katika chakula cha watoto wetu.

Jambo la tatu ni la kutuonya tusiamini upesi. Wakonyingo walisemwa kukaa juu ya mlima. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889, na wengi wamefuata, lakini Wakonyingo hawakuonekana. Watu wa mwezini nao hawakuonekana mwaka 1969, binadamu walipotua huko. Sasa tunawatafuta kwenye nyota. Inaonekana mwanadamu huwaweka majirani wake mbele kidogo ya pale anapoweza kufika. Hili halithibitishi kwamba hawapo, lakini linatupasa kutofautisha shauku yetu na ushahidi.

Pale hadithi inapopungukiwa

Hata hivyo, uhakiki usioona upungufu si uhakiki. Upungufu wa hadithi hii uko kwenye moto. Katika njia yote Murile alikuwa mgeni msaidizi. Mara tu alipokuta watu wasio na kitu alichokuwa nacho yeye, aliuliza bei. Mfalme wa mwezi hakuona vibaya, na msimulizi pia haoni vibaya. Ni biashara halali kwa desturi ya wakati ule. Lakini Mkristo hawezi kuacha kuuliza: aliye na moto anawatazamaje wanaokula vibichi?

Swali hili linatugusa pande zote mbili. Wamisionari wa Kilutheri walipokuja Kilimanjaro mwaka 1893, wako waliotuona sisi kama watu wa mwezini, wasio na moto. Walikosea. Walikuta nchi yenye mifereji ya maji, migomba, sheria za wazee na jina la Mungu, Ruwa, ambalo kanisa halikulitupa. Moto walioleta ulikuwa wa kweli. Lakini pale ulipoambatana na bei, yaani kuacha hata yale ambayo Injili haikuyadai, wenyeji walilipa kwa mifugo isiyoonekana. Nasi leo, tunapozungumza habari za viumbe tusiowajua, tusijifanye mara moja kuwa ndio wenye moto.

Walivyojibu waliotutangulia

Kanisa limelikuta swali hili mapema kuliko tunavyodhani. Augustino, katika kitabu cha 16 cha Mji wa Mungu, alikataa kwamba wako watu upande wa pili wa dunia, kwa sababu aliona haiwezekani wazao wa Adamu wawe wamevuka bahari kuu. Hoja yake ilikuwa ya heshima: alitaka kulinda umoja wa wanadamu. Alilolikosea ni bahari. Wanafalsafa wa kale nao walifundisha kwamba ukanda wa katikati ya dunia haukaliki kwa sababu ya joto. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mtoto wa Gerlingen katika Württemberg, aliona katika ukanda huo huo mlima wenye theluji, na watu wakiishi chini yake. Huko London mtaalamu William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima, alimkatalia, na ubishi haukwisha mpaka safari za von der Decken za mwaka 1861 na 1862. Sisi tunaosoma makala hii mteremkoni tu wazao wa watu ambao hesabu za wenye elimu zilisema hawawezi kuwapo.

Katika kanisa letu wenyewe, Philip Melanchthon aliandika mwaka 1549, katika kitabu chake cha elimu ya maumbile, kwamba tusidhani kuna dunia nyingi, kwa kuwa Kristo ni mmoja, alikufa na kufufuka mara moja, wala hakufa mara nyingi katika dunia nyingi. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni msingi wa imani yetu. Warumi 6 na Waebrania 9 zinaifundisha waziwazi. Lakini hitimisho lake halifuati. Kristo alikufa mara moja Yerusalemu. Hakufa tena Machame wala Tarakea, na bado alitufia. Kama umbali wa nchi na urefu wa karne haukudai msalaba wa pili, basi upekee wa msalaba hauthibitishi kwamba mahali pengine hakuna mtu. Unathibitisha tu kwamba wokovu wo wote, uwe wapi, hautokani na mwingine.

Johannes Kepler alikuwa Mlutheri kutoka Weil der Stadt, si mbali na kwao Rebmann, na alisoma teolojia Tübingen akikusudia kuwa mchungaji. Alitunga hadithi ya safari ya mwezini, Somnium, iliyochapishwa mwaka 1634 baada ya kifo chake. Nayo ina kijana, mama na viumbe wa mwezini. Mama wa hadithi hiyo huongea na pepo, na mama yake Kepler mwenyewe alishitakiwa kwa uchawi kuanzia 1615 hadi alipoachiliwa 1621. Kepler alihofu kwamba uvumi wa maandishi yake ulichangia. Mtu huyu alinyimwa Meza ya Bwana huko Linz mwaka 1612, si kwa sababu ya nyota, bali kwa kutokubali kila neno la Kanuni ya Mapatano. Hatumtaji ili kuwahukumu wachungaji wa wakati ule. Twamtaja kwa sababu tulimnyamazisha kijana wa Tarakea kwa urahisi ule ule.

Karibu na wakati wetu, Paul Tillich, katika juzuu ya pili ya teolojia yake ya mwaka 1957, alisema kwamba umwilisho tunaoukiri unahusu historia ya wanadamu, na kwamba hautupi ruhusa ya kumfungia Mungu njia zake katika ulimwengu mwingine. Tunamfuata katika tahadhari yake, lakini tunaona amelegeza fundo moja mno. Wakolosai 1 haisemi kwamba Kristo ni wa historia yetu tu. Inasema vitu vyote, vya duniani na vya mbinguni, viliumbwa kwa yeye na kupatanishwa kwa yeye. Wapo pia wanaoitumia Yohana 10:16, habari za kondoo wengine, kuthibitisha viumbe wa nyota. Hao wamesahau kwamba neno lile lilikwisha kutimia kwa Mataifa. Kondoo wengine ni sisi.

Swali lililo chini ya swali

Wengine husema kwamba ukubwa wa anga unaifanya Injili ionekane ndogo. Thomas Paine alitoa hoja hiyo mwaka 1794. Kwa Mlutheri hoja hii haina nguvu nyingi. Sisi hufundisha kwamba kilicho na mpaka chaweza kumbeba asiye na mpaka. Ndiyo maana twakiri mwili na damu ya Bwana katika mkate na divai. Aliyelala horini hakuona hori kuwa dogo mno. Hataona haya kwa ajili ya sayari ndogo.

Ugumu halisi uko penginepo. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua iko mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri zaidi ya miaka minne kutufikia. Hakuna mwinjilisti atakayetumwa huko. Basi, kama wako, ni watu waliofiwa na Kristo bila kuletewa habari? Tulipolitafakari hili tuligundua kwamba swali la kijana si geni hata kidogo. Ni swali tunaloulizwa kila tuendapo kuzika katika vihamba vyetu, penye makaburi ya wazee waliofariki kabla ya mwaka 1893. Babu hakusikia. Je, Yesu alimfia na yeye?

Hapo hatujawahi kumnyamazisha mtu. Mbele ya kaburi huwa tunasema kwamba Kristo aliwafia wote. Kwamba katika Imani ya Mitume twakiri alishuka kuzimu, na 1 Petro 3 inatuambia alizihubiri roho zilizokuwa kifungoni. Kwamba Mungu aliyejificha, ambaye Luther aliandika habari zake mwaka 1525, hatumchunguzi, bali twamshika Mungu aliyejifunua msalabani. Na kwamba twamkabidhi babu katika mikono iliyotobolewa, bila kutangaza hukumu ambayo haikuwekwa mikononi mwetu. Hili si jibu kamili. Ni jibu la watu wanaomwamini Mwamuzi. Kama linatosha kando ya kaburi la babu, linatosha pia kwa nyota. Na kama tunaona halitoshi kwa nyota, yatupasa kujiuliza kama tulilisema kwa moyo kando ya kaburi.

Kwa ndugu zetu wanafunzi, ambao karibuni watakabidhiwa madarasa ya kipaimara, tunashauri hivi. Msianze na viumbe wa angani katika mahubiri. Ushahidi haupo, na mimbari si mahali pa kubuni. Lakini mtoto akiuliza, mpeni kwanza hadithi ya Murile, ajue kwamba wazee wake walikwisha kuinua macho. Kisha mpeni Zaburi ya 8, ambayo mwandishi wake aliutazama mwezi na nyota akauliza mwanadamu ni nani. Zaburi ile haikumkataza mtu kuuliza. Imelifanya swali kuwa sala.

Nasi wenyewe tumemwendea kijana wetu, ambaye sasa amekwisha kupata kipaimara, tukamwomba aliulize tena. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya njia. Alitutazama kwa muda, akasema tumsaidie kwanza kufunga mzigo.